Vita viliisha 1945. Marubani hawa wa 1952 walikufa kwa nini?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Tanga, nafanya kazi Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Karibu na ninapoishi kuna kanisa la kijiji lenye makaburi ya zamani, na pembeni kuna safu fupi ya mawe meupe, yote ya marubani wa jeshi la anga. Umri miaka 19, 20, 22. Nilidhani ni wa Vita vya Pili vya Dunia, lakini tarehe zinasema 1951, 1952, 1953. Mzee mmoja wa hapo aliniambia walikuwa wanafunzi. Alisema akiwa mtoto aliona ndege yao moja ikija kutua kama kawaida, ikapinduka ghafla na kuingia shambani. Nilipomwuliza sababu akasema, "Vijana wa fujo tu, wapenda sifa." Je, ni kweli? Na kama yalikuwa mazoezi, si vita, kwa nini hawakujiokoa kwa parachuti?

Marahaba, mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, na ninalijibu kwa urefu kwa sababu ya neno la huyo mzee. Nimefundisha urubani wa ndege za injini mbili kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kukaa kando ya mwanafunzi na kumnyima injini moja ili nione atafanya nini, na ninajua namna mtu mtulivu, mwenye nidhamu, asiyetafuta sifa yoyote, anavyoweza kuipoteza ndege ndani ya sekunde tatu. Huyo mzee simlaumu. Aliona jambo la kutisha akiwa mtoto, na watu wazima walimpa maelezo waliyokuwa nayo.

Kwa miaka uliyoitaja na mahali ulipo, ndege ninayoifikiria kwanza ni Gloster Meteor. Mashambani huko kwenu palikuwa na shule ambazo rubani aliyekwisha kujua kurusha ndege ndogo ya panga boi alipelekwa ili avuke kwenda kwenye jeti. Driffield ilikuwapo shule ya 203, Full Sutton ilikuwapo ya 207, na kaskazini kidogo, Middleton St George, ambako leo ndipo uwanja wa ndege wa Teesside ulipo, ilikuwapo ya 205. Zote zilitumia Meteor. Asubuhi hadi jioni ndege zilizunguka juu ya vijiji kama hicho chako, zinapaa, zinatua, zinapaa tena.

Meteor ilipaa mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1943, na Julai 1944 ikaingia katika kikosi cha 616, jeti ya kwanza ya Uingereza kufika vitani. Novemba 1945 moja yake iliweka rekodi ya dunia kwa kwenda karibu kilomita 975 kwa saa. Wananchi waliipenda sana. Zilitengenezwa karibu 3,900. Sasa weka kando fahari hiyo uangalie hesabu nyingine: katika utumishi wa Jeshi la Anga la Uingereza zilipotea takriban Meteor 890, na marubani wapatao 450 walikufa ndani yake. Vita vya Korea vilipokuja, Meteor zilizokwenda kupigana kule zilikuwa za kikosi cha 77 cha Australia. Zile za Uingereza nyingi zilibaki nyumbani na Ulaya. Kwa hiyo wengi mno katika hao 450 hawakumwona adui hata kwa mbali. Walikufa katika anga ya nchi yao, siku za kazi, kati ya chai ya asubuhi na chai ya jioni.

Lakini Korea iliwagusa kwa njia nyingine. Juni 1950 vita vile vilipoanza, London iliogopa kwamba vingine vikubwa zaidi na Warusi viko njiani. Muda wa vijana kutumikia jeshi kwa lazima ukapandishwa kutoka miezi 18 hadi miaka 2, na shule za urubani zikafunguliwa kwa pupa. Fikiria hesabu ya kijana wa miaka 19 aliyechukuliwa kwa miaka 2 na kufundishwa urubani tangu mwanzo. Akipata mabawa yake kifuani, muda wake karibu umekwisha. Haraka hiyo haikuwa yake. Ilikuwa imepangwa katika ratiba kabla hajavaa sare.

Hapa ninataka nikupe jambo linalotuhusu sisi wa upande huu wa dunia, maana wengi hawalijui. Kati ya 1947 na mapema miaka ya 1950 sehemu ya vijana hao walijifunzia Afrika, katika Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo: Heany karibu na Bulawayo na Thornhill karibu na Gwelo, mji unaoitwa sasa Gweru. Walirusha Harvard, ndege ya panga boi, ngumu lakini yenye huruma. Anga la kule ni jeupe miezi mingi ya mwaka. Rubani akipotea anaweza kuona kilima kilichoko mbali sana na kujua alipo. Kijana huyo akitoka hapo anarudishwa Yorkshire mwezi wa Novemba, mawingu yameshuka hadi futi mia kadhaa, moshi wa makaa ya mawe kutoka viwandani umechanganyika na ukungu, na anakabidhiwa jeti. Meteor ya mafunzo ilibeba lita 1,480 hivi za mafuta katika tangi lake kuu, na injini za jeti za wakati ule zilikunywa mafuta vibaya sana zikiwa chini. Safari ya mafunzo ilikwisha ndani ya saa moja, mara nyingi pungufu. Uwanja ukifunikwa na ukungu wewe ukiwa hewani, huna muda wa kutafuta mwingine kwa utulivu.

(Harvard hizo hizo, kwa wanaopenda kujua, ndizo zilizofungwa mabomu madogo na kutumiwa Kenya kuanzia 1953 dhidi ya Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Na mwaka 1954 Meteor za kupiga picha zilikuwapo Eastleigh, Nairobi. Bibi zetu wa Nyeri walizijua ndege hizi kwa upande mwingine kabisa, na hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Sasa nije kwenye ajali aliyoiona mzee. Ili uielewe inabidi uelewe mahali injini zilipokaa.

Jeti za sasa za kivita zenye injini mbili huziweka kwa kawaida pamoja, ndani ya mwili. Katika Meteor zilikaa mabawani, mbali na mwili, moja kushoto na moja kulia. Injini hizo, Derwent, zilikuwa nene kama pipa na kila moja ilisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 1,600. Chukua mtumbwi wenye wapiga kasia wawili, mmoja kila upande. Wote wakipiga sawa mtumbwi unakwenda mbele. Mmoja akiacha, unageukia upande wa aliyeacha. Aliyeshika usukani nyuma anaweza kuunyoosha, lakini usukani unashika pale tu maji yanapopita kwa kasi. Mtumbwi ukiwa unasuasua utausukuma usukani mpaka mwisho na bado utageuka.

Ndege nayo ina usukani mkiani, na rubani anausukuma kwa miguu. Hewa inafuata kanuni ileile ya maji, ila kwa ukali zaidi, kwa maana ukipunguza kasi kwa nusu, nguvu ya usukani haibaki nusu, inabaki robo. Kwa hiyo kila ndege ya injini mbili ina kasi fulani ambayo chini yake, injini moja ikiwa imekufa na nyingine ikisukuma kwa nguvu zote, hakuna mguu wa binadamu utakaoinyoosha. Pua inavutwa upande wa injini iliyokufa, bawa la upande huo linashuka, lile jingine linapanda, na ndege inapinduka chali. Juu sana unaweza kuokoka kwa kupunguza nguvu ya injini iliyo hai na kushusha pua ili upate kasi. Kwenye futi 300 huna cha kushushia.

Katika Meteor kasi hiyo ilikuwa kubwa, na ilitegemea jambo ambalo linanisikitisha kila nikilifikiria: nguvu ya paja la rubani. Nguvu ya mashine ya kusaidia mguu, kama ile ya breki za lori, haikuwapo. Waliozirusha husimulia namna walivyosogeza kiti mpaka goti lijinyooshe na kujifunga kabisa, kwa sababu mguu uliokunjika haungeweza kushikilia pedeli, na namna mguu huo ulivyotetemeka baada ya dakika chache kama wa mtu aliyebeba gunia la mchele ngazini. Mwanafunzi mrefu mwenye mapaja mazito alikuwa na nafasi zaidi ya kuishi kuliko mwenzake mwembamba. Wote wawili walipewa mtihani mmoja.

Ninaujua mguu huo. Siku moja nilikuwa na mwanafunzi, binti mwepesi na hodari, tukiwa katika ndege ndogo ya injini mbili, futi elfu nne juu ya ardhi. Nilirudisha nyuma wenzo wa mafuta wa injini ya kushoto. Akafanya kila kitu kama nilivyomfundisha: akasukuma pedeli ya kulia, akataja kwa sauti, "Mguu uliolegea ndio upande wa injini iliyokufa," akaitambua, akaithibitisha. Kisha nikaona ugoko wake umeanza kucheza. Kwanza kidogo, halafu kiatu chote kikawa kinagonga pedeli. Pua ikaanza kutambaa kushoto, nyuzi tano, nyuzi kumi. Hakusema neno. Uso wake ulikuwa umetulia, ni mguu tu uliokuwa umefika mwisho. Nikamrudishia injini, na kumrudishia kulinichukua sekunde moja, kwa sababu ile injini ilikuwa hai wakati wote. Nilikuwa nimeipunguza tu.

Katika Meteor za miaka uliyoitaja, injini ilizimwa. Mwalimu au mwanafunzi alifunga mafuta mpaka moto ukafa ndani yake, kisha wakaingia katika mzunguko wa kutua kwa injini moja ya kweli. Wazo lilikuwa kwamba rubani azoee hali halisi. Lakini kuiwasha tena jeti ya enzi ile hewani hakukuwa kama kupiga swichi. Kulihitaji urefu wa kutosha, muda, na bahati kidogo. Na hata ile injini hai haikuitika haraka. Ukiisukuma kutoka nguvu ndogo hadi kubwa ilikuchukua sekunde nyingi, na ukiisukuma kwa ghafla ingeweza kuzimika nayo, ukabaki bila hata moja.

Basi tazama mtego unavyojifunga. Mwanafunzi anakuja kutua kwa injini moja. Ameshusha magurudumu, ameshusha vibao vya mabawa, kasi inapungua. Anaona amekuja juu mno, au mwenzake bado yuko kwenye njia ya kutua. Kila alichofundishwa tangu ndege yake ya kwanza kinamwambia: usilazimishe, ongeza nguvu, zunguka uje tena. Anasukuma wenzo. Injini inachelewa, anausukuma zaidi, halafu nguvu yote inafika kwa mkupuo upande mmoja, na kasi yake iko chini ya ile ambayo usukani unaweza kushika. Bawa linashuka. Amefanya jambo la busara kwa ndege nyingine yoyote aliyowahi kurusha.

Marubani wa Meteor wenyewe wamekuwa wakisema kwa miaka mingi kwamba ndege nyingi zaidi zilipotea katika kufanyia mazoezi kuzimika kwa injini kuliko injini kuzimika kweli. Injini za Derwent zilikuwa za kutegemewa. Ninarudia, mwanangu, kwa kuwa hili ndilo jibu langu kwa yule mzee: vijana wengi waliuawa na mtihani uliowekwa kuwalinda, na mtihani ulikuwa wa hatari kuliko hatari yenyewe. Hakuna sifa mtu anayoitafuta akiwa na goti limefungwa na jasho linamwingia machoni.

Lakini inawezekana ajali aliyoiona mzee haikuwa hata ya injini moja. "Ikija kutua kama kawaida, ikapinduka ghafla." Maneno hayo yalinishtua nilipoyasoma, maana kuna jambo la pili.

Meteor ya wanafunzi iliitwa T.7. Ilipaa mara ya kwanza tarehe 19 Machi 1948. Kabla yake haikuwapo Meteor ya viti viwili kabisa. Rubani alisoma kitabu cha maelekezo, mwalimu akapanda juu ya bawa akamwonyesha swichi kwa kidole, wakafunga kioo, akaenda peke yake. Ili kupata nafasi ya kiti cha pili, pua ya T.7 ilirefushwa kwa karibu sentimita 76, na juu kukawekwa paa refu la vioo na vyuma. Mkia ukabaki wa zamani. Kila fundi wa dau anajua kwamba ukirefusha mbele bila kuongeza nyuma, chombo kinapoteza utulivu wa kushika njia.

Ndege hizi zilikuwa na breki za hewa, vibao vinavyofunguka juu na chini ya bawa karibu na mwili ili kupunguza kasi haraka. Utaratibu ulikuwa wazi: funga breki za hewa kwanza, ndipo ushushe magurudumu. Sasa kijana amekuja kwa kasi, amefungua breki, kichwani ana mambo kumi, anashusha magurudumu kabla ya kuzifunga. Magurudumu ya Meteor hayakushuka sawasawa daima. La upande mmoja lilitangulia, likavuta hewa, pua ikageuka kidogo upande huo. Katika ndege nyingine pua ingejirudi yenyewe. Katika T.7 hewa iliyovurugwa na breki na lile paa kubwa ilimwagikia mkiani, usukani ukawa kama kasia lililo ndani ya povu, na pua ikaendelea kugeuka. Ndege ikalala upande, ikapinduka, ikapiga mbizi kuelekea ardhini. Yote hayo kwenye futi elfu moja au pungufu, katika mzunguko wa kutua, injini zote mbili zikiwa nzima.

Kwa muda mrefu watu hawakuelewa. Wachunguzi walikuta injini nzima, nyaya nzima, hali ya hewa nzuri, na shimo. Marubani wakalipa jina lake, mbizi ya mzimu, kwa kuwa ilikuja bila sababu inayoonekana. Mtu asiye na maelezo atasema nini mbele ya wazazi? Atasema kijana alizidisha mbwembwe. Na tarehe 30 Mei 1988, katika onyesho la ndege Coventry, mbele ya umati, T.7 iliyokuwa imetunzwa vizuri, mikononi mwa rubani mzoefu, ilipinduka vilevile na kumuua. Hakuwa mtoto wa miaka 20. Waliochambua tukio lile walilihusisha na mbizi hiyohiyo, miaka 40 baada ya T.7 ya kwanza kupaa.

Umeuliza kuhusu parachuti. Walikuwa nazo, wamezikalia. Lakini ili uitumie katika T.7 ulipaswa kulitupa lile paa zito, kufungua mikanda, kujiinua kutoka kitini na kujitupa nje, huku ndege inabiringika, kisha uvute kamba na uwe bado na mamia ya futi ya hewa chini yako ili kitambaa kijae. Ndege iliyopinduka kwenye futi 500 hufika ardhini kabla mkono haujafika kwenye mkanda.

Viti vya kufyatuka vilikuwapo tayari. Tarehe 24 Julai 1946 fundi wa kampuni ya Martin-Baker, Bernard Lynch, alifyatuliwa kutoka kwenye Meteor iliyokuwa ikiruka futi 8,000, akatua salama. Meteor ndiyo iliyokuwa maabara ya viti hivyo. Meteor ya vita ya kiti kimoja, F.8, iliyoingia vikosini 1950, ilikuja nacho. T.7, iliyobeba watu wenye uzoefu mdogo kuliko wote katika jeshi zima, haikuwekewa kamwe ilipokuwa shuleni. Martin-Baker waliendelea kurusha T.7 kwa kupimia viti vyao hata baada ya mwaka 2000. Ndege ileile ambayo wanafunzi walikufa ndani yake bila kiti imewasaidia marubani wa dunia nzima kupata chao. Jambo hili siwezi kulimeza kirahisi. Sharti niongeze kwa haki kwamba viti vya mwanzo visingewaokoa wote. Rubani akishafyatuka ilibidi ajifungue mwenyewe na kukisukuma kiti mbali ndipo avute parachuti, na kwa futi 500 hilo pia halitoshi.

Na usidhani lilikuwa suala la wanafunzi tu. Tarehe 18 Juni 1951, Biggin Hill, kusini mwa London, Meteor ya kikosi cha 41 ilipaa ikapata matatizo muda mfupi baadaye, ikaangukia nyumba. Meteor mbili za kikosi cha 600 zilikuwa karibu kutua. Zikaanza kuzunguka juu ya mahali pale, pengine macho ya marubani wote wawili yakiwa kwenye moshi chini. Zikagongana. Mmoja aliwahi kuruka lakini parachuti haikufunguka. Marubani watatu, ndege tatu, zote zimeanguka ndani ya mita mia moja hivi, ndani ya dakika chache, mchana kweupe. Wiki iliyofuata Meteor nyingine ikapitiliza mwisho wa njia karibu na barabara ya magari. Wakazi wakatishia kugoma kulipa kodi ya nyumba, ndipo zikawekwa taa za kusimamisha magari wakati ndege zinapaa. Ninalitaja hili kwa sababu linaonyesha ni nani aliyepiga kelele. Walipiga kelele watu wa barabarani.

Ndani ya jeshi kelele zilikuwa chache, na hili ndilo ninaloona kuwa mzizi. Maofisa waliosimamia shule hizo mwaka 1952 walikuwa wameokoka vita vilivyowaua zaidi ya watu 55,000 wa vikosi vya mabomu vya Uingereza peke yake, na kati ya hao elfu nane hivi walikufa katika mafunzo na ajali, kabla au nje ya mapigano. Mtu aliyekula chakula cha jioni kwa miaka mitatu mezani ambapo viti viwili vipya vilikuwa wazi kila wiki, hashtuki kwa kiti kimoja. Meneja wa kiwanda angefunga mashine iliyoua vijana wawili kwa mwezi. Hawa waliandika ripoti, wakazika kwa heshima kamili, na kesho yake saa mbili asubuhi ratiba ikaendelea. Siwaiti wakatili. Vita vilikuwa vimeisha kwenye magazeti, ila kipimo chao cha hasara kilikuwa bado kile cha 1943.

Mabadiliko yalikuja polepole. Kuanzia 1954 hivi kazi kubwa ya kuwavusha wanafunzi kwenda kwenye jeti ikahamia Vampire ya viti viwili, yenye injini moja katikati ya mwili, ambayo haina upande wa kupindukia. Zile shule za Meteor huko kwenu zikafungwa au kubadilishwa. Na sisi walimu wa leo kwa kawaida tunafundisha kuzimika kwa injini kwa kuipunguza tu, juu ya urefu uliowekwa, au katika mashine ya kuigiza iliyofungwa sakafuni, ambamo mguu wa mwanafunzi unaweza kutetemeka mpaka uchoke na hakuna atakayezikwa.

Sasa rudi kanisani ukaangalie mawe yale vizuri. Makaburi ya vita yanayotunzwa na tume ya Jumuiya ya Madola yanaishia kwa waliokufa hadi tarehe 31 Desemba 1947. Baada ya hapo jiwe ni la wizara ya ulinzi, linafanana na yale mengine, ila mabega yake yamekatwa pembe, kama kidato kidogo cha ngazi kila upande. Ukiona mabega hayo, umesimama mbele ya mtu aliyekufa baada ya Vita vya Pili vya Dunia kwisha. Kwa miongo mingi majina yao hayakuwa kwenye mnara wowote wa taifa. Oktoba 2007 ulizinduliwa mmoja Staffordshire, ndani ya bustani ya kumbukumbu ya taifa, wenye majina ya waliokufa kazini tangu 1948, wa mapigano na wa mazoezi bila kutengwa, yamepangwa kwa miaka. Ukipata likizo nenda kwenye ukuta wa 1951 hadi 1953 na uwatafute wa kijijini kwako.

Na kabla hujafanya hivyo, mrudie yule mzee. Usianze kwa kubishana naye. Mwulize alikuwa amesimama wapi, na ndege ilikuwa inatoka upande gani. Mwulize ilikuwa na kioo kimoja kidogo cha mviringo juu au paa refu la vyuma, na kama alisikia injini zikinguruma kwa nguvu kabla haijapinduka au sauti ilikuwa ileile. Kisha mwulize kama aliyaona magurudumu, na kama moja lilikuwa limetangulia. Watoto wa kijijini wa wakati ule walizitazama ndege hizo kila siku kwa miaka. Huenda anakumbuka, na huenda hakuna mtu aliyewahi kumwuliza.